Gari la Spoti Limenenepa Shubiri Nzima

Ukibahatika kuiona Datsun 240Z kwenye maonyesho ya magari ya kale pale Ngong Racecourse, Nairobi, utashangaa udogo wake. Aina hiyo ndiyo Shekhar Mehta aliyoshindia Safari Rally mwaka 1973. Upana wake ni kama sentimita 163, uzito kama tani moja. Nissan Z ya leo ina sentimita 184 na kitu, na imepita tani moja na nusu. Kilichoinenepesha ni milango minene ya kukinga abiria, matairi mapana na injini yenye nguvu zaidi. Usalama sina ugomvi nao. Lakini shubiri hiyo, ndugu msomaji, ndiyo unayoihitaji kufungua mlango ukiegesha katikati ya jiji, au kupishana na matatu Kawangware.