Nyaya Zilizolegea na Kuungua kwa Vidhibiti vya Mota

Baadhi ya mashine za kusaga nafaka na pampu za visima zinazotumia umeme wa njia tatu huendeshwa kupitia kidhibiti cha kielektroniki, ambacho huiwasha mota taratibu na kurekebisha mwendo wake. Kifaa hiki kinapoungua, mmiliki huweza kukimbilia kununua kingine. Iwapo chanzo ni waya uliolegea, kifaa kipya nacho kitakuwa hatarini kuungua, na fedha zitapotea mara ya pili.

Hitilafu hutokeaje?
Waya ukilegea kwenye skrubu yake, ukinzani huongezeka mahali hapo na kuzalisha joto. Kwa mfano, mkondo wa ampea 20 ukipita kwenye muungo wenye ukinzani wa omu 0.1 huzalisha joto la wati 40, sawa na balbu ya wati 40 iliyofungiwa ndani ya kisanduku. Joto hilo huweza kuyeyusha plastiki ya waya na kusababisha moto. Aidha, njia moja ya umeme ikikatika, mbili zilizobaki hubeba mzigo wote na kukielemea kidhibiti.

Fyuzi na sakiti breka hazitoshi kugundua hitilafu hii. Kazi ya vifaa hivyo ni kukata umeme mkondo unapozidi kiwango, ilhali muungo uliolegea huweza kuungua mkondo ukiwa wa kawaida.

Dalili za kuzingatia
• Harufu ya plastiki inayoungua.
• Waya kubadilika rangi karibu na skrubu.
• Mota kunguruma bila kuzunguka, au kupata joto kupita kawaida.
• Kidhibiti kujizima mara kwa mara.

Mtumiaji afanye nini?
1. Zima swichi kuu. Usifungue kidhibiti mwenyewe, kwani umeme hubaki ndani yake kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa.
2. Mwite fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania, leseni hiyo hutolewa na EWURA.
3. Hakikisha ncha ya waya iliyoungua inakatwa na kuungwa upya, na skrubu zinakazwa kwa kipimo cha mtengenezaji.
4. Mtikisiko wa mashine hulegeza skrubu. Panga ukaguzi wa mara kwa mara.
5. Tunza risiti na maelezo ya fundi kwa maandishi.

Kabla ya kulipia kidhibiti kipya, dai kuelezwa kilichounguza cha zamani.