Konkuru ya Leta: swali la kwanza liko mlangoni petu, Kambove

Siku ya Yenga, kisha misa, vijana sita walikuja kuketi kwangu chini ya mti wa embe. Kila mmoja alikuwa na fotokopi mkononi, pembe za karatasi zimekunjika juu ya kusomwa sana. Ni maswali na majibu ya maarifa ya jumla, ya kutayarisha konkuru ya kuingia kazi ya Leta. Karatasi hizi zinauzishwa mahali pa kutoa fotokopi, na kijana anaweza kukosa chakula cha mchana juu ya kuzipata.

Mtoto wa ndugu yangu ndiye alianza. Ana diploma yake, anatafuta kazi miaka sasa.

«Baba mukubwa, hii yote nilisha kuiweka mu kichwa. Uniulize tu.»

«Muzuri. Kongo iko na provensi ngapi?»

«Kumi na moja!»

Wengine wote wakakubali kwa kichwa. Nikauliza tena: «Na jimbo letu la Haut-Katanga iko na teritware ngapi?» Kimya. «Bataje hata tatu.» Mmoja akasema Kambove, mwingine Kipushi. Kisha kimya tena. Lakini mji mkuu wa Australia, walijibu wote kwa sauti moja: Canberra.

Sikuwacheka. Mi mwenyewe nilimaliza tu sekondere, na mambo mengi nimeyajua nikiwa mtu mzima, katika kazi ya sendika. Na nilijua kwa haya. Nitaeleza namna gani.

Mwaka mmoja, tulikuwa na mkutano na sosiete moja ya madini, jina lake nitaliacha. Sisi ma-delege tuliketi upande mmoja, pamoja na wazee wa kijiji. Mwanasheria wao akasema kwamba ile redevansi ya madini yote inaenda Kinshasa, na kama tunataka barabara na maji, tuende kuuliza kule. Tukatazamana. Hakuna aliyejua jibu. Mzee mmoja aliniangalia mimi, sababu ndiye nilikuwa nasema Kifaransa kidogo. Nikaangalia chini. Tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Kisha nikatafuta Kodi ya madini na kuisoma polepole, diksionere pembeni. Nikakuta kifungu cha 242, jinsi kilivyoandikwa katika sheria ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Redevansi haiendi yote Kinshasa hata kidogo. Katika kila franga 100, franga 50 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za eneo la chini mahali madini inatoka, na 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Kwa shaba sosiete inalipa asilimia 3.5. Kwa kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwisho wa 2018, inalipa asilimia 10. Jibu lilikuwa katika kitabu cha watu wote, na mimi nilikuwa nimenyamaza.

Njo maana ninasema na vijana: maarifa ya jumla si kitu cha konkuru peke yake. Ni kitu kinachokusaidia siku mtu wa koti na kravate anasema uongo mbele ya mzee wako.

Turudi kwa yale majibu. Kumi na moja si jibu la kubuni: ni la zamani. Kuanzia 1988 Kongo ilikuwa na provensi kumi pamoja na mji wa Kinshasa. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 ilibadilisha hesabu, lakini ugawanyaji wenyewe ulifanyika mwaka wa 2015. Kifungu cha 2 kinasema nchi ni mji wa Kinshasa na provensi 25. Jumla 26. Angalia mtego hapo: wakiuliza provensi ngapi bila Kinshasa, jibu ni 25. Mtu anayekariri bila kuelewa anaanguka.

Katanga yetu ya zamani ikazaa nne: Haut-Katanga, mji mkuu Lubumbashi, Lualaba, Kolwezi, Haut-Lomami, Kamina, na Tanganyika, Kalemie. Haut-Katanga iko na teritware sita: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Na mtego mwingine: teritware si eneo lenye mamlaka yake ya kujitegemea. Kifungu cha 3 cha katiba kinataja mji, komine, sekteri na sheferi. Basi ile franga 15 haiendi kwa teritware ya Kambove. Inaenda kwa sekteri, sheferi, komine ao mji mahali mgodi uko. Kijana akijua hili, anajua pia ni mlango gani wa kupiga hodi juu ya kuuliza: franga zilifika, zilifanya nini?

Juu ya historia, niliwaambia waanze na reli inayopita hapa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa kule. Mwaka wa 1913 reli ikafika Kambove. Wakoloni hawakuleta reli hapa juu ya kutupenda, walifuata mawe.

Na ndani ya teritware yetu kuko Shinkolobwe. Uranium ya Shinkolobwe ilitumwa Amerika, na ilitumika katika kutengeneza bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Mtoto wa Kambove anayeulizwa juu ya Vita ya pili ya dunia asianze na Berlin. Aanze hapa, kilomita chache kutoka Likasi, kisha aende Berlin.

Katika vita hiyohiyo, mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara. Vita ilikuwa inataka shaba nyingi, bei ya vitu ilikuwa imepanda, na mshahara ulibaki chini. Tarehe 9, askari walipiga risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Watu makumi wakafa. Kati yao alikuwa Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Alikuwa karani, mtu wa kalamu. Sisi watu wa sendika tunamkumbuka, na ninataka hata yule anayetafuta ofisi ya Leta amkumbuke. Leo kifungu cha 38 cha katiba kinalinda uhuru wa sendika, na cha 39 haki ya kugoma. Haki hizo zina historia, na sehemu yake iliandikwa kwa damu hapa kwetu.

Kuko tarehe moja vijana waliipenda sana: 11 mwezi wa saba. Mwaka wa 1960, tarehe hiyo, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kujitenga, siku kumi na moja kisha uhuru. Mwaka wa 2002, tarehe hiyo, Kodi ya madini ilitiwa sahihi. Mwaka wa 2022, tarehe hiyo, nchi yetu ikawa memba kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku moja, mambo matatu: umoja wa nchi, mali ya nchi, na majirani wa nchi. Mtoto wa ndugu yangu aliandika hiyo katika kaye yake bila mimi kumwambia.

Kuko na ingine. Tarehe 15 mwezi wa saba 2016 sheria mbili zilitoka pamoja. Namba 16/010 ilibadilisha Kodi ya kazi, ile inayotuhusu sisi wa mgodi. Namba 16/013 ndiyo sheria ya wafanyakazi wa kudumu wa Leta, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 1981. Mtu anayetafuta kazi ya Leta bila kuisoma ni sawa na mtu anayeshuka chini ya ardhi bila taa. Humo ndani kuko masharti ya kuingia, kazi, haki, na makosa yanayomfukuzisha mtu.

Sasa, habari za leo. Hapa fotokopi haiwezi kukusaidia, sababu inazeeka kila mwezi. Dawa ni redio, gazeti na kaye. Niliwaonyesha namna ya kugawa ukurasa: upande mmoja jambo na tarehe, upande mwingine sababu na matokeo. Tulifanya mfano na kobalti, maana inapita mbele yetu juu ya makamyo.

Jambo: tarehe 22 mwezi wa pili 2025, Kongo ilisimamisha kuuzisha kobalti inje. Sababu: nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, soko lilijaa, bei ikaanguka. Matokeo: bei ikapanda, stoki zikabaki kwenye sosiete, na kuanzia mwezi wa kumi 2025 kukawa kipimo, yaani kila sosiete inapewa kiasi chake. Kwa mwaka wa 2026 kipimo cha nchi yote ni tani 96,600. Swali la konkuru linaweza kuwa «ARECOMS ni nini?» Ni ofisi ya Leta inayosimamia soko la madini ya kimkakati, ndiyo inatoa vile vipimo. Lakini swali langu mimi lilikuwa lingine: kobalti ikisimama, mfanyakazi wa hapa anapata nini, na jimbo linapoteza nini? Tulibishana nusu saa. Nafikiri ile nusu saa ilizidi fotokopi nzima.

Kwa njia hiyohiyo tuliandika kwamba Judith Suminwa Tuluka ni mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Kongo, aliyetajwa tarehe 1 mwezi wa ine 2024. Kwamba Goma iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025. Kwamba Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya Washington tarehe 27 mwezi wa sita mwaka huohuo. Kila jambo na sababu yake pembeni.

Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alikuwa kimya tangu mwanzo. Akasema: «Papa, ile yote ni muzuri. Lakini konkuru ni ya batoto ya bashefu. Sisi tunasoma bule.»

Sitamdanganya, wala sitawadanganya ninyi. Watu wengi wanafikiri vile, na hawafikiri vile bila sababu. Lakini nilimjibu mambo matatu. Moja: sheria inasema mtu anaingia kazi ya Leta kwa konkuru, na kifungu cha 193 cha katiba kinasema uongozi wa Leta hauna chama na hauna upendeleo. Ukiijua sheria, unaweza kulalamika kwa maandishi. Usipoijua, unalalamika paka kwenye baa. Mbili: mtu akikuomba franga juu ya kukutia kwenye liste, huyo ni mwizi, hata kama ana koti. Mpe mgongo, na ufuate paka tangazo lenye sahihi na muhuri wa ofisi yenyewe. Tatu: nafasi ni chache kuliko watu, na wengi watarudi nyumbani. Lakini anayerudi na kichwa kilichojaa hawezi kuwa sawa na alivyoenda. Sendika inamtaka. Kamati ya kijiji inamtaka. Siku ya mkutano na sosiete, tutamkalisha mbele.

Akanyamaza, kisha akauliza: «Ile kifungu ya redevansi, ni namba ngapi?»

«Mia mbili makumi ine na mbili.»

Akaandika mkononi, sababu hakuwa na kaye.

Tunakutana kila Yenga sasa, saa nane. Hatulipishi. Kila mtu analeta swali moja kutoka kwa redio na moja kutoka kwa wazee wa kwao, maana wazee wetu waliofanya mgodini wanajua mambo ambayo hayako katika karatasi yoyote. Yenga iliyopita, mzee mmoja alitueleza tangu mwanzo mwaka wa 1986, wakati Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba, na namna miaka ya tisini ilivyoanguka. Alisema saa nzima. Hakuna aliyetoka.

Mtoto wa ndugu yangu angali na fotokopi yake. Hakuitupa. Kwenye ukurasa wa kwanza alikata «11» kwa bic, akaandika juu yake «25 na Kinshasa», na chini akaongeza swali lake mwenyewe, ambalo halikuwa katika kitabu: «Teritware sita za Haut-Katanga, utaje.»