Mtoto anayekwama kusoma huenda si mvivu

Je, una mtoto wa miaka minane au tisa anayesimulia hadithi vizuri na kukumbuka bei zote za dukani, lakini ukimpa kitabu anakwama? Anaona "baba" anasoma "dada". Mwalimu ameandika kwamba hana bidii. Kabla ya kumchapa (na kiboko hakijamfundisha mtu kusoma), fikiria disleksia.

Hii ni hali ambayo ubongo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti zake. Haitokani na upungufu wa akili wala malezi mabaya. Mara nyingi hurithiwa, na hakuna dawa wala miwani ya kuiondoa. Hata hivyo, mpeleke kwanza akapimwe macho na masikio, kwani mtoto asiyesikia vyema naye hukosea hivyo hivyo.

Wazazi wengi hutatizwa na jambo moja. Katika Kiswahili herufi hutamkwa karibu vile vile kila mara, kwa hivyo mtoto huyu huenda asikosee sana, bali asome polepole mno, silabi kwa silabi, hata akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Akipewa Kiingereza, ambacho hakina utaratibu huo, ndipo anaanguka kabisa.

Kinachomsaidia ni kurudiarudia sauti na herufi bila kuchoka, na hapa mchezo hushinda ubao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, walitengeneza mchezo uitwao GraphoGame. Mtoto husikia sauti na kuchagua herufi yake miongoni mwa kadhaa. Akikosea, mchezo humpunguzia ugumu. Ulijaribiwa na watoto wa darasa la kwanza mjini Lusaka, Zambia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: waliofaidika zaidi katika kuandika maneno ni wale ambao walimu wao pia waliucheza. Kwa hivyo usimwachie mtoto simu ukaenda zako.

Huna simu ya kisasa? Okota vizibo vya soda, uandike konsonanti kwenye vingine na vokali kwenye vingine. Tamka "ma", naye atafute viwili vya kuiunda. Tamka sauti yenyewe, si jina la herufi. Usimfundishe b na d siku moja. Moja ikishakaa, leta ya pili. Dakika kumi hadi kumi na tano kila siku zatosha, na usimshindanishe na dada yake.

Simu nyingi pia zaweza kumsomea maandishi kwa sauti, asikose somo la sayansi kwa sababu tu kusoma kunamlemea. Lakini jihadhari na michezo ya kelele na milipuko inayouzwa kwa jina la elimu. Kama mtoto aweza kushinda bila kusikiliza sauti hata moja, hiyo ni burudani tu.

Taabu ikiendelea, uliza ofisi ya elimu kilipo kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984. Jijini Nairobi, unaweza kwenda KISE, Kasarani. Beba madaftari yake, hasa yale yenye makosa mengi.