Sauti Hukatwa Kwanza: Maamuzi ya Wakurugenzi na Ajira katika Redio za Kibiashara, kutoka Nairobi hadi Wagenia

Redio ya kibiashara ni kituo kinachoishi kwa fedha za matangazo, kwa udhamini wa vipindi na kwa malipo ya wananchi wanaotaka salamu au taarifa zao zisomwe hewani, na kwa hiyo inatofautiana na redio ya serikali inayotegemea bajeti ya taifa, na vilevile na redio za dini na za jamii zinazotegemea waumini au wafadhili. Bidhaa yake haishikiki kwa mkono. Kituo hakiuzi muziki, kwa kuwa muziki siku hizi unapatikana bure kwenye simu ya mkononi, wala hakiuzi habari, kwa kuwa msikilizaji halipi kitu ili azipate. Kinachouzwa ni masikio ya watu waliokwisha kumzoea mtangazaji fulani kwa saa fulani, wakamwamini kiasi cha kusadiki hata analosema kuhusu sabuni, bia au vocha za simu. Kwa maana hiyo, mkurugenzi anayekabiliwa na upungufu wa mapato na kuanza kwa kuwafukuza watangazaji, waandishi na mafundi mitambo huwa anapunguza bidhaa yenyewe huku gharama nyingi zikibaki palepale.

Sababu ya kosa hilo kurudiwa katika nchi nyingi iko katika hesabu za tasnia hii. Sehemu kubwa ya matumizi ya kituo ni yale ambayo wahasibu huyaita gharama zisizobadilika, yaani gharama zinazolipwa vilevile hata kama siku hiyo hakuna tangazo lililoingia: ada ya leseni na ya masafa, kodi ya mnara, umeme au mafuta ya jenereta, pamoja na riba ya mikopo. Mamlaka ya mawasiliano haipunguzi ada kwa kuhurumia mtu, benki haisamehi riba, na mtambo wa kurushia matangazo hauwaki kwa maneno. Mshahara peke yake ndio unaoweza kukatwa kwa barua ya siku moja, na akiba inayopatikana huonekana katika hesabu za robo mwaka inayofuata, ilhali wasikilizaji huondoka polepole na hasara ya kuondoka kwao huja kuonekana wakati mkurugenzi aliyesaini barua amekwisha kupata kazi kwingine.

Kosa hilo lilifanywa kwa ukubwa wa kutisha Marekani. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja iliruhusiwa kumiliki nchini kote, na kampuni ya Clear Channel ikanunua vituo hadi vikapita 1,000. Mwaka 2008 kampuni yenyewe ilinunuliwa na makampuni ya uwekezaji ya Bain Capital na Thomas H. Lee Partners kwa njia ya ununuzi wa mkopo, ambapo mnunuzi hukopa sehemu kubwa ya bei na kisha deni hilo hubebeshwa kampuni iliyonunuliwa. Miaka kumi baadaye, Machi 2018, kampuni hiyo, ambayo wakati huo ilikwisha kubadili jina na kuitwa iHeartMedia, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi ikiwa na deni la takriban dola bilioni 20. Ilitoka katika ufilisi mwaka 2019, na Januari 2020 ikawaachisha kazi mamia ya watangazaji na mafundi hasa katika miji midogo, ambako nafasi zao zilijazwa na vipindi vilivyorekodiwa mbali na kurushwa kana kwamba msemaji yuko mjini hapo. Watu waliopoteza ajira hawakuwa wamekopa hata senti moja.

Kenya inafaa kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ina soko kubwa la redio za kibiashara katika Afrika ya Mashariki na maamuzi ya wakurugenzi wake hutangazwa hadharani. Masafa yalifunguliwa kwa watu binafsi katikati ya miaka ya 1990, Capital FM ikaanza Nairobi mwaka 1996, na Kameme FM ikaonyesha kuanzia mwaka 2000 kwamba redio ya lugha ya mama ina soko la uhakika. Katikati ya mwaka 2016 kampuni ya Nation Media Group ilitangaza kufunga Nation FM na QFM za Nairobi pamoja na KFM ya Kigali, na kuiunganisha televisheni ya QTV na NTV, kwa maelezo kwamba mwelekeo mpya ulikuwa wa kidijitali. Uamuzi huo ulistahili kuhojiwa zaidi ya ulivyohojiwa. QFM ilikuwa redio ya Kiswahili, na ilifungwa wakati Radio Citizen, Radio Jambo na Radio Maisha zilikuwa zikishindania hadhira ileile ya Kiswahili, iliyo pana kuliko zote nchini. Kwa hiyo kampuni ilijitoa yenyewe katika uwanja ambao washindani wake walikuwa wakiupigania, ili iwekeze katika mtandao ambako fedha nyingi za matangazo huishia kwa Google na Facebook.

Udhaifu wa pili wa soko la Kenya ni kuegemea wateja wachache wakubwa. Katika miaka ya 2010 kampuni za kamari ya michezo zilimwaga fedha redioni, na baadhi ya vituo vikapanga bajeti kana kwamba neema hiyo haitakoma. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari, na Septemba mwaka huohuo SportPesa, mojawapo ya kampuni hizo, ikasimamisha shughuli zake nchini kwa mgogoro wa kodi, ikaondoka na udhamini wake. Aprili 2025 serikali ilisimamisha tena matangazo ya kamari kwa siku 30. Mteja mwingine mkubwa, serikali yenyewe, amekuwa akilimbikiza madeni kwa vyombo vya habari kwa miaka, na Machi 2024 ilitolewa amri kwamba matangazo ya taasisi za umma yapelekwe shirika la utangazaji la taifa, KBC, peke yake, amri iliyopingwa mahakamani. Si haki kumlaumu mtangazaji wa kipindi cha asubuhi kwa mapato yaliyoporomoka namna hii, lakini yeye ndiye aliyeondoka kwanza: katika janga la korona mwaka 2020 kampuni ya Radio Africa ilikata mishahara na ile ya Mediamax ikawaachisha kazi wafanyakazi wengi, na mwaka 2024 Standard Group, inayomiliki Radio Maisha, ikatangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi wapatao 300.

Hata hivyo mfanyakazi wa Nairobi hupata angalau kitu cha kushika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe notisi ya mwezi mmoja kabla ya kupunguza wafanyakazi, amjulishe ofisa wa kazi, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Ukisafiri magharibi hadi Kisangani, makao makuu ya mkoa wa Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kitendo hichohicho hufanyika bila notisi, bila barua na mara nyingi bila mtu yeyote kutamka kwamba kimefanyika.

Redio za binafsi za Kongo ni matunda ya kufunguliwa kwa siasa ya vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990 na ya sheria ya vyombo vya habari ya tarehe 22 Juni 1996. Kisangani ina kituo cha mkoa cha RTNC, shirika la serikali, ina Radio Amani ya Kanisa Katoliki, na tangu Februari 2002 imekuwa na studio ya Radio Okapi iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi. Kando yake viko vituo vya watu binafsi, na hivi ndivyo vinavyopaswa kuishi kwa biashara katika mji ambao biashara yake imesinyaa: kiwanda cha nguo cha SOTEXKI, kilichowahi kuwa mwajiri mkubwa, kimedhoofika kwa miaka mingi, na bajeti za matangazo za kampuni za simu na za bia hupangwa Kinshasa, mwendo wa kilomita zipatazo 1,700 kwa njia ya mto, na watu ambao hawajui ni sauti gani inayosikilizwa katika mitaa ya Mangobo au Kabondo.

Ili kujua redio hizo zinaishi kwa nini, ni lazima kutazama mteja mdogo, na hakuna mahali anapoonekana vizuri kama Wagenia. Kijiji hicho cha wavuvi kiko pembeni mwa mji, kwenye poromoko la mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, mahali ambapo magogo makubwa husimikwa katikati ya miamba na mitego mikubwa ya vikapu hushushwa ndani ya maji yaendayo kasi, na sehemu za kutegea hurithiwa ndani ya koo. Jamaa wa koo hizo wametapakaa katika komine zote sita zinazounda mji na kandokando ya mto hadi Ubundu. Mtu akifariki, mtoto akipotea, mkutano wa ukoo ukiitishwa, kuna njia moja ya kuwafikia wote kwa siku moja, nayo ni komunike, yaani taarifa ya kulipia inayosomwa redioni.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mwanafamilia hufika kwenye meza ya mapokezi na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, majina ya wafiwa yakiwa yameorodheshwa kwa mpangilio wa ukubwa; karani huhesabu mara ambazo taarifa itasomwa, hupokea fedha taslimu, hugonga muhuri kwenye risiti, na jioni mtangazaji huisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili na Kilingala, akitaja kila jina taratibu kwa sababu anajua kuna mtu anayesubiri kusikia la kwake. Fedha hizo ndizo zinazonunua mazutu, yaani dizeli, ya jenereta ya usiku huohuo. Bwawa la mto Tshopo, linaloulisha mji umeme, lina mitambo michache na ya zamani inayoharibika mara kwa mara, kwa hiyo kituo kisicho na mafuta hunyamaza. Hakuna pato lingine la kituo linalotegemea imani ya msikilizaji moja kwa moja kiasi hiki, na imani hiyo imejengwa juu ya msomaji mmoja au wawili wanaojua kuyatamka majina ya watu wa Wagenia, wa Lubunga na wa Ubundu bila kuyaharibu.

Msomaji huyo ndiye asiyelipwa. Vituo vingi vya mikoani nchini Kongo vimeanzishwa na wanasiasa au watu walio karibu nao, na ndiyo maana idadi yake huongezeka kila uchaguzi unapokaribia, kama ilivyokuwa kabla ya kura za 2006, 2011, 2018 na 2023. Mwenye kituo hununua mtambo, meza ya kuchanganyia sauti na jenereta, kisha huona uwekezaji umekamilika, kwa kuwa katika hesabu yake hakuna fungu la mishahara lililovuka siku ya kupiga kura. Akishindwa, hukata fedha za mafuta. Akishinda, huhamia Kinshasa na kumwachia ndugu yake usimamizi. Huo ni uamuzi mbaya wa kibiashara uliofanywa siku ya kwanza, na kila anayeajiriwa baadaye hulipia.

Waandishi hubaki kazini kwa miaka wakiitwa wa kujitolea au wanagenzi, na njaa huwasukuma kwenye kile ambacho wanahabari wa Kongo hukiita coupage, yaani bahasha ambayo mwenye tukio humpa mwandishi ili habari yake itoke. Ni rahisi kukemea tabia hiyo katika semina za maadili, lakini kiuchumi maana yake ni kwamba mwajiri amehamisha mzigo wa mshahara kwa watu wanaoripotiwa, na kwa hiyo amewauzia habari zake bila yeye kuandika ankara. Mvuvi wa Wagenia mwenye mgogoro wa mahali pa kutegea na mtu mwenye uwezo hana bahasha, kwa hiyo upande wake haufiki hewani.

Radio Okapi kwa muda mrefu imeficha ukubwa wa tatizo hili, kwa kuwa imelipa mishahara ya kweli na hivyo kuwavuta waandishi bora wa mikoani, huku vituo vya binafsi vikiwa chuo cha bure cha kuwafundisha. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ulio nyuma ya redio hiyo, umekuwa ukipunguza shughuli zake tangu azimio la Baraza la Usalama la Desemba 2023, na kila nafasi inayofungwa humrudisha mwandishi mzoefu katika soko lisilo na mshahara.

Wafanyakazi wengi wa vituo vya binafsi huamini kwamba, kwa kuwa hawakusaini karatasi yoyote, hawana haki yoyote. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema vinginevyo: mkataba usioandikwa huchukuliwa, hadi ithibitishwe vingine, kuwa ni mkataba wa muda usio na kikomo, na mkataba wa namna hiyo hauwezi kuvunjwa na mwajiri bila sababu halali, na anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi ana taratibu za kufuata. Mgogoro huanzia kwa mkaguzi wa kazi, ambaye wajibu wake ni kusuluhisha, kabla haujafika mahakamani. Watangazaji watatu au wanne wa kituo kimoja wakienda pamoja kwa mkaguzi wakiwa na ratiba za vipindi zenye majina yao, wana ushahidi wa utumishi ambao mwenye kituo hawezi kuukana kwa urahisi.

Kwa upande wa wenye vituo, mpangilio wa kukata gharama unaweza kugeuzwa. Vituo viwili au vitatu vya mji uleule vinaweza kutumia mnara mmoja na jenereta moja, kwa kuwa hakuna msikilizaji anayechagua kituo kwa sababu ya mnara wake, na saa za matangazo zinaweza kupunguzwa hadi asubuhi na jioni, ambapo komunike husikilizwa, badala ya kuchoma mafuta mchana kutwa kwa muziki. Akiba hiyo inatosha kuwa mwanzo wa mshahara wa kudumu, hata ukiwa mdogo, wa msomaji wa Kiswahili na wa fundi mmoja. Kwa mujibu wa muhula wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao unaangukia Desemba 2028, na maombi mapya ya masafa yataanza kuingia kabla ya hapo. Mamlaka zinazoyapokea zina nafasi ya kumwuliza kila mwombaji, pamoja na ramani ya mnara, orodha ya watu atakaowaajiri na fedha zitakazowalipa mwaka 2029.