Samaki-Simba Ugenini

Samaki-simba, mwenye miraba myekundu na miiba 18 ya sumu, si kiumbe kigeni katika Bahari ya Hindi. Spishi moja yake huishi katika matumbawe ya Afrika Mashariki. Ugeni wake ni upande wa magharibi wa Atlantiki, ambako alionekana kwanza pwani ya Florida, Marekani, mwaka 1985. Yaaminika kuwa alitupwa baharini na wafugaji wa samaki wa mapambo.

Kwao ni nadra kuzidi sentimeta 38. Ugenini wamepimwa waliofikia 47. Shibe yaelekea kuwa sababu mojawapo, kwani samaki wadogo wa huko hawamtambui kuwa ni adui. Katika jaribio moja la Bahamas, lililotangazwa mwaka 2008, samaki-simba mmoja mmoja katika vijiwe vya matumbawe alipunguza ongezeko la samaki wachanga kwa asilimia 79 katika wiki 5 tu.

Wala hachagui sana makazi. Huonekana penye mikoko, majani ya bahari, milango ya mito na mabaki ya meli, hata kina cha mita 300. Aghalabu wadogo hukaa maji mafupi, wakubwa hushuka. Hapo ndipo penye taabu: wazamiaji wenye mikuki kwa kawaida hawapiti mita 40, na chini yao majike makubwa, yawezayo kutaga mayai milioni 2 kwa mwaka, husalia salama. Mikondo huyachukua mayai hayo hadi kwenye miamba iliyokwisha kusafishwa. Nyama yake, kwa bahati, ni tamu na haina sumu. Kwa hiyo mitego ya kina kirefu imekuwa ikijaribiwa.