Kukabidhi Mradi wa Uhariri wa Video kwa Picha Zilizotumiwa Pekee: Suala la Masazo katika Utafiti wa Fasihi Simulizi

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi anayetumia video hurudi kutoka uwandani akiwa na saa nyingi za picha. Mhariri huzipunguza zikawa filamu fupi ya kufundishia, kisha mradi wake hukabidhiwa kwa mtu mwingine: fundi wa sauti, mfasiri, idara mshirika au maktaba. Hapo huzuka swali ambalo kwa juu juu ni la kiufundi tu: je, anayepokea apewe picha zote, au zile zilizotumiwa pekee?

Makala haya yanaeleza jinsi makabidhiano ya picha zilizotumiwa yanavyofanyika na mahali yanapokwama. Hoja yake kuu ni kwamba kifurushi cha aina hiyo hukabidhi kazi ya mhariri, lakini hakikabidhi data ya mtafiti. Mambo hayo mawili yakichanganywa, hasara yake haionekani siku ya makabidhiano. Huonekana miaka mingi baadaye, wakati ambapo haiwezi tena kurekebishwa.

2.0 Mradi wa Uhariri ni Nini?

Kwa kawaida faili la mradi wa uhariri halina picha ndani yake. Lina maelekezo: jina la faili la picha, mahali lilipohifadhiwa, fremu ambapo kipande kinaanzia na fremu kinapoishia, pamoja na marekebisho ya rangi, sauti na mwendo. Ni kama faharasa iliyochapwa mbali na kitabu chake. Anayepelekewa faili hilo peke yake hufungua mradi na kukuta nafasi tupu zenye majina.

Utengano huu wa maamuzi na malighafi ni wa zamani kuliko kompyuta. Katika enzi ya filamu, mhariri alikata nakala ya kazi, na fundi mwingine akaikata negativu yenyewe kwa kufuata namba zilizochapwa ukingoni mwa ukanda. Mtambo wa CMX 600, uliotolewa mwaka 1971, ulianzisha uhariri wa video kwa kompyuta. Na katika miaka iliyofuata ikazoeleka kupeleka kwenye chumba cha umaliziaji orodha ya maamuzi ya uhariri, ijulikanayo kwa kifupi kama EDL, pamoja na kanda zilizotajwa humo. Programu za leo zimerithi desturi hiyo hiyo.

3.0 Maana Tatu za "Kutumiwa"

Neno "zilizotumiwa" lina angalau maana tatu, na makabidhiano mengi huharibika kwa sababu pande mbili hazikukubaliana ni ipi inayokusudiwa.

Maana ya kwanza ni faili zima: kila faili lililochangia hata sekunde moja ya filamu hunakiliwa lote, na yale ambayo hayakuguswa huachwa. Maana ya pili ni kipande: programu hukata sehemu iliyotumiwa na kuongeza fremu chache kila upande. Fremu hizo za pambizo humwezesha anayepokea kurefusha mkato au kuweka mpito kati ya picha mbili. Maana ya tatu ni filamu iliyokwisha kuunganishwa, ambayo haiwezi tena kufumuliwa.

Tofauti zake kwa ukubwa si ndogo. Chukulia saa 12 za picha zilizorekodiwa kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde. Saa moja huchukua gigabaiti 22.5, na saa zote gigabaiti 270. Iwapo filamu ya dakika 30 imetokana na mafaili yenye jumla ya saa 5, kifurushi cha maana ya kwanza kitakuwa na gigabaiti 112.5. Iwapo ina vipande 240, na kila kimoja kimeachiwa pambizo ya sekunde 2 kila upande, yaani fremu 50 katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, kifurushi cha maana ya pili kitakuwa na dakika 46 za picha, sawa na gigabaiti 17.25. Ni wazi kwa nini maana ya pili huvutia: kilichohitaji diski nzima sasa huweza kutumwa kwa mtandao.

4.0 Mahali Mambo Yanapokwama

Programu zinazotumika sana, kama vile Adobe Premiere Pro na DaVinci Resolve, zina amri ya kukusanya picha zilizotumiwa. Hata hivyo, amri hiyo haimalizi kazi.

Kwanza, mibano mingi ya video, H.264 ikiwa mfano, haihifadhi kila fremu kwa ukamilifu wake. Fremu hupangwa kwa makundi. Ya kwanza katika kundi huwa kamili, na zinazofuata hueleza mabadiliko tu. Kundi haliwezi kukatwa katikati na kubaki kama lilivyokuwa. Kwa hiyo ama faili hunakiliwa lote, na kifurushi kikawa kikubwa kuliko ilivyotarajiwa, ama kipande hurekodiwa upya, na kikaacha kuwa nakala halisi ya kilichotoka katika kamera.

Pili, kamera nyingi hurudia majina ya mafaili kila kadi inapobadilishwa. Mafaili mawili yenye jina moja, yaliyorekodiwa siku tofauti, yakikutana katika folda moja, picha ya ngoma ya jana huweza kukaa mahali pa ngoma ya leo.

Tatu, ngoma iliyorekodiwa kwa kamera kadhaa huhaririwa kama kifungu kimoja, na kila mara jicho moja tu ndilo huonekana. Yafaa iamuliwe mapema kama macho mengine yatahesabiwa kuwa yametumiwa. Nne, aina za herufi, vichujio vya nyongeza na majedwali ya rangi mara nyingi havifuati picha. Hubaki katika kompyuta ya mhariri.

5.0 Masazo kama Data

Kwa mhariri, kilichobaki nje ya filamu ni masazo. Kwa mtafiti hali ni tofauti. Mtambaji wa ngano huweza kurudia kibwagizo mara sita, na hadhira ikakipokea kwa sauti inayopanda kila mara. Mhariri huacha mara mbili, kwani filamu haina nafasi ya zaidi. Uamuzi huo ni sahihi kisanaa. Lakini anayepokea kifurushi cha vipande pekee, kisha akachunguza urudiaji au nafasi ya hadhira, atahesabu mbili na kuandika mbili. Ukimya wa mtambaji, kusita kwake na masahihisho anayopewa na wasikilizaji ndivyo vitu vya kwanza kukatwa, na ndivyo vinavyothibitisha kwamba fasihi hii huzaliwa katika utendaji.

Uhakiki wa miswada unatoa funzo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19 kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. William Hichens alitoa diwani yake mwaka 1940, na M. H. Abdulaziz akachapisha toleo jipya lenye uchambuzi mwaka 1979. Kazi ya pili haikulazimika kuitegemea ya kwanza peke yake, kwa kuwa miswada ilikuwa imehifadhiwa London. Lau ingelibaki diwani iliyochapishwa tu, uteuzi wa mhariri mmoja ungelikuwa ndio mwisho wa habari.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila kitu kigawiwe kila mtu. Kamera huendelea kurekodi baada ya ngano kwisha, ikanasa mazungumzo ya nyumbani, majina ya wagonjwa au ugomvi wa jirani. Mtambaji aliyekubali ngano yake ionyeshwe hakukubali hayo. Katika hali hiyo kifurushi cha picha zilizotumiwa ni kinga ya heshima yake, na kumpa mgeni saa zote 12 kungekuwa ni kuvunja ahadi.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na hayo, yafaa kutenganisha makabidhiano mawili. Anayeendeleza filamu apewe kifurushi cha vipande chenye pambizo, pamoja na nakala ya filamu iliyokamilika ili aweze kulinganisha. Maktaba ya utafiti ipewe picha zote kama zilivyotoka katika kamera, zikiwa na masharti ya matumizi yaliyokubaliwa na watendaji.

Kiungo baina ya hayo mawili ni majina na hesabu ya wakati. Kila faili lipewe jina la pekee kabla uhariri haujaanza, na hesabu ya wakati iliyoandikwa na kamera isifutwe, ili kipande chochote kiweze kurudishwa mahali pake katika rekodi ya asili. Kifurushi kitengenezwe kwa kunakili, kamwe kisitengenezwe kwa kuhamisha. Kisha kifunguliwe katika kompyuta nyingine isiyo na picha za asili. Kompyuta ya mhariri si shahidi mwaminifu, kwani huweza kuyapata mafaili mahali pa zamani na kuficha pengo. Ukaguzi huo ukamilike kabla diski yoyote haijafutwa.

7.0 Hitimisho

Kupunguza mradi hadi picha zilizotumiwa ni mbinu yenye manufaa: huokoa nafasi, hurahisisha kazi na huweza kulinda siri za watendaji. Lakini kila kifurushi cha namna hiyo ni toleo, na toleo huwa na mhariri. Mpokeaji aelezwe waziwazi, kwa maandishi yanayoambatana na diski, kwamba alichopewa ni uteuzi, uteuzi huo ulifanywa na nani, na utendaji mzima umehifadhiwa wapi. Pasipo maelezo hayo, atakayekuja kesho atachukua kimya cha mkasi kuwa ni kimya cha mtambaji.