Mgongo wa bibi: Si kila maumivu ni uzee

Bibi ameinama kuinua ndoo ya maji, tena haijajaa. Hakuanguka wala hakujikwaa. Ghafla anahisi kitu kimekatika katikati ya mgongo, maumivu yanamchoma kama kisu. Anakaa chini na kumwita mjukuu. Jioni anachuliwa mgongo kwa dawa ya misuli, anapewa vidonge viwili vya kutuliza maumivu, na nyumba nzima inakubaliana kuwa huo ni uzee.

Wiki tatu baadaye bado hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa. Akisimama maumivu yanapanda, akilala yanapungua. Gauni lililokuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu sasa linaburuza kwa mbele.

Dalili hizi zinajulikana vizuri kwa madaktari wa mifupa. Huenda pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea.

Pingili inavyobonyea

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: saba shingoni, 12 kifuani na tano kiunoni, kisha sakramu na kifandugu. Ndani ya kila pingili mfupa una vijitundu kama sifongo. Kadiri umri unavyosonga, hasa kwa mwanamke baada ya ukomo wa hedhi, vijitundu hivyo huwa vikubwa na kuta zake huwa nyembamba. Hali hii ya mifupa kudhoofika huitwa osteoporosisi.

Mfupa ukifika hapo, hauhitaji ajali ili uvunjike. Kuinua mtoto, kukohoa kwa nguvu au kukaa kwa kishindo kwenye kiti cha daladala kunatosha. Pingili hubonyea upande wa mbele kama kopo lililokanyagwa, na mgongo huinama kuelekea mbele. Zikibonyea mbili au tatu, mtu hufupika na kuanza kupata kibiongo.

Wengine hawasikii maumivu makali. Pingili nyingi zilizobonyea hazigunduliki wakati zinapovunjika, na mgonjwa huja kujua miaka baadaye akipigwa picha kwa sababu nyingine.

Walio kwenye hatari zaidi ni wanawake waliokoma hedhi, wazee wa jinsia zote, wanaotumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu, wavutaji sigara na wanywaji wa pombe nyingi.

Kabla ya yote, chanzo kijulikane

Si kila pingili iliyobonyea imebonyezwa na umri. Katika nchi zetu kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye mifupa ya mgongo na kuila taratibu, hata kwa mtu asiyekohoa. Saratani ya matiti, ya tezi dume au ya uboho nayo inaweza kudhoofisha pingili.

Ndiyo maana maumivu ya mgongo yakiambatana na homa za jioni, kutokwa jasho usiku au kupungua uzito, mgonjwa apelekwe hospitali mapema. Mtoto anayelalamika mgongo kwa wiki kadhaa, au aliyeanza kuota nundu mgongoni, naye asichelewe. Kifua kikuu cha mgongo hutibiwa kwa dawa kwa miezi mingi, na kikiwahiwa kinapona.

Kuna dalili ambazo hazisubiri hata kesho. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa vikishindwa kuzuilika, huenda mishipa ya fahamu inabanwa. Hiyo ni dharura.

Jambo jingine ni kukandwa. Mgongo wa mzee wenye maumivu mapya usinyooshwe kwa nguvu, usikanyagwe wala kuvutwa kabla haujapigwa picha. Mfupa uliobonyea unaweza kuvunjika zaidi mikononi mwa mtu aliyekusudia kusaidia.

Hospitalini daktari huanza na eksirei, ambayo huonyesha umbo la pingili. Kipimo cha MRI huenda mbali zaidi: huonyesha kama mfupa umevunjika karibuni au ni jeraha la zamani, na husaidia kutofautisha osteoporosisi na maambukizi au saratani. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba.

Wengi hupona bila kisu

Familia nyingi zikisikia "mfupa umevunjika" hufikiria upasuaji mara moja. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi 12 kwa dawa za maumivu, mapumziko mafupi, pengine mkanda maalumu wa mgongo, kisha mazoezi ya viungo.

Mapumziko yawe mafupi kweli. Mzee akiachwa kitandani wiki nzima kwa kuhurumiwa, misuli hulegea, mfupa huzidi kudhoofika, vidonda vya mgandamizo huanza na damu inaweza kuganda miguuni. Dawa za maumivu nazo zitolewe kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa baadhi huumiza figo na tumbo au hupandisha shinikizo la damu.

Saruji kwa njia ya sindano

Kwa wale ambao maumivu yanagoma, kuna upasuaji wa tundu dogo. Mgongo haufunguliwi. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, hupewa ganzi pamoja na dawa ya kumtuliza, au nusu kaputi. Daktari huingiza sindano nene kupitia ngozi hadi ndani ya pingili, huku akiifuata kwenye skrini ya mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo kwa papo. Kisha huingiza saruji maalumu ya mifupa, laini kama dawa ya meno, ambayo hukauka ndani ya dakika chache na kuushikilia mfupa.

Njia hii huitwa vertebroplasti. Ilianzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, pale madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond walipomtibu mwanamke aliyekuwa na uvimbe wa mishipa ya damu kwenye pingili ya shingo.

Njia ya pili, kifoplasti, ilianza Marekani miaka ya 1990. Kabla ya saruji kuingizwa, puto dogo hupelekwa ndani ya pingili na kujazwa ili kuinua mfupa uliobonyea na kutengeneza nafasi. Puto hutolewa, na saruji hujaza nafasi hiyo. Kwa njia zote mbili, kila pingili huchukua takriban saa moja au chini yake, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Ubishi ulioanza mwaka 2009

Simulizi za mtu aliyeingia akiwa amebebwa na kutoka akitembea ni za kweli. Swali ambalo watafiti walijiuliza ni kama nafuu hiyo huletwa na saruji yenyewe.

Mwaka 2009 tafiti mbili zilichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Baadhi ya wagonjwa walitiwa saruji, wengine walifanyiwa kila kitu kinachofanana na hicho: chumba kilekile, ganzi ileile, hata harufu ya saruji ilisikika, lakini saruji haikuingizwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana.

Mwaka 2016 utafiti wa Australia uliochapishwa katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba wagonjwa wenye maumivu makali, ambao mfupa wao ulikuwa umevunjika chini ya wiki sita, walinufaika na saruji. Miaka miwili baadaye utafiti wa Uholanzi haukuona faida ya maana. Tathmini ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2018, iliyojumlisha tafiti nyingi, haikupendekeza vertebroplasti iwe tiba ya kawaida kwa kila mwenye osteoporosisi.

Kwa familia, maana yake ni kwamba saruji si tiba ya kukimbilia. Inabaki kuwa mjadala kati ya daktari na mgonjwa ambaye mfupa wake umevunjika karibuni, maumivu yake ni makali na dawa zimeshindwa, au ambaye pingili yake imedhoofishwa na saratani.

Hatari zake pia zijulikane. Saruji inaweza kuvuja nje ya mfupa. Mara nyingi haileti shida, lakini mara chache hubana mishipa ya fahamu au husafiri kwenye damu hadi mapafuni. Maambukizi na kutokwa damu hutokea kwa nadra. Mwenye maambukizi kwenye mgongo au mwilini, au tatizo la damu kutoganda, hafanyiwi hadi litatuliwe.

Maswali ya kuuliza

Nchini Tanzania, wagonjwa wa aina hii huanzia hospitali ya karibu, kisha hupewa rufaa kwa mabingwa wa mifupa na mishipa ya fahamu, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Kabla ya kumsafirisha mzee mwenye maumivu, ni vema kupiga simu na kuuliza kama huduma hiyo inapatikana.

Mbele ya daktari, uliza haya:

- Mfupa huu umevunjika lini, na kipimo gani kinaonyesha hivyo?
- Kifua kikuu na saratani vimeshachunguzwa?
- Tukisubiri wiki nne zaidi kwa dawa na mazoezi, kuna hatari gani?
- Gharama yote ni kiasi gani, na bima inalipa ipi?
- Baada ya hapo, mifupa mingine italindwaje?

Swali la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Takriban mwanamke mmoja kati ya watano waliovunjika pingili kwa osteoporosisi huvunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja. Saruji hushikilia pingili moja tu. Zilizobaki zinahitaji dawa za kuimarisha mifupa, kama alendronati, zikiandikwa na daktari.

Nyumbani kazi ipo pia. Maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza madini ya chokaa. Jua la asubuhi na matembezi ya kila siku husaidia. Taa iwepo njiani kuelekea chooni, sakafu ya bafu isiteleze, na mkeka uliojikunja uondolewe mlangoni.

Na ile ndoo ya maji, kuanzia sasa aibebe mjukuu.